Rili ya Penn Spinfisher, mshipi wa kusuka na kamba wa bandia: vifaa vyangu vipya vya kuvulia hapa Pemba

Kama unavua kwa raha wala si kwa riziki, na fedha ulizonazo hazitoshi kununua kila kitu kizuri, ziweke kwenye rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye fimbo, na kwenye mshipi wenyewe. Fimbo nunua ya wastani. Hayo ndiyo niliyoyaona tangu kaskazi mpaka sasa upepo wa kusi umeanza kuvuma, nikivulia gatini Wesha, kwenye miamba, na ndani ya ngalawa ya ami yangu upande wa kisiwa cha Misali.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Chake Chake. Fedha zilitoka kwenye posho ya kusahihisha mitihani, na nilishanuia kwamba safari hii posho haiendi kwenye bati wala saruji. Mama watoto nilimwambia mapema, naye akaridhia kwa sharti: "Nunua, lakini ununue kitu cha maana. Usije ukaniletea nyengine ya kutundika ukutani." Alikuwa anaizungumzia rili yangu ya zamani, ya bei rahisi, ambayo chumvi iliila ndani ya msimu mmoja hata mpini wake ukagoma kuzunguka. Sharti lake lilikuwa la haki.

Madukani mwetu mishipi ya nailoni, ndoana, chubwi na nyavu utapata bila taabu. Rili ya kuhimili maji chumvi ni ya kuagiza. Mie nina binamu yangu Maskati, mji ambao watu wake wanapenda uvuvi wa fimbo na maduka ya vifaa hivyo yapo. Alipokuja likizo alinibebea kila kitu ndani ya begi lake. Rili peke yake ilinifikia kwa karibu shilingi laki nne.

Ni Penn Spinfisher VI, saizi 4500. Penn ni kampuni ya Marekani, ilianza Philadelphia mwaka 1932, na jina lake limejengeka kwenye rili za baharini. Kiwiliwili cha hii ni chuma kitupu, hakuna plastiki ya kupinda unapovuta samaki mzito. Kwa hiyo ina uzito, na mtu aliyezoea rili ndogo za plastiki atauhisi mkononi akirusha tangu alasiri mpaka magharibi. Mie uzito huo naukubali kwa sababu ya kile kilichomo ndani: viungo vyake vimezibwa kwa mipira, na imewekewa kiwango cha IPX5. Maana yake inastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu kutoka kila upande. Haina maana kwamba unaweza kuizamisha, kwa hiyo ikianguka majini usijidanganye, ifungue uikaushe.

Kwa nini nasisitiza mipira? Rili haiharibiwi na maji yenyewe. Maji ya bahari yanaingia, yanakauka, yanaacha chembe za chumvi kwenye gololi za ndani, na siku ya pili ukizungusha mpini zile chembe zinasaga chuma. Safari ya tatu unasikia mkwaruzo, kisha kutu inamaliza kazi. Katika ngalawa maji hayakusubiri uyafuate, yanakurukia tangu mnapotoka ufukweni. Rili hii imelowa mara kwa mara na mpini bado unazunguka laini kama siku niliyoitoa kwenye boksi.

Lakini kilichonifanya niipende ni breki. Sisi tumekua na mshipi wa mkono. Unafunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kidole cha shahada, mshipi unapita juu yake, na kidole ndicho kinachoamua: samaki akikimbia unaulegeza kidogo, akichoka unavuta. Kazi yote ya uvuvi iko pale kidoleni. Breki ya rili ni visahani vilivyopangwa juu kwa juu ndani ya kibiringo cha mshipi, vikikazwa au kulegezwa kwa kitufe cha mbele. Kwenye Spinfisher visahani hivyo ni vya nyuzi za kaboni, wenyewe wanaviita HT-100. Ubora wake ni kwamba mshipi unaanza kutoka bila kushtuka. Breki mbaya inashika, kisha inaachia ghafla, na pale inaposhika ndipo mshipi unapokatika au ndoana inapochana mdomo wa samaki.

Breki usiikaze kwa kukisia. Wavuvi wa fimbo wana kawaida ya kuiweka baina ya robo na thuluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wangu ni wa ratili 30, yaani kama kilo 13 na nusu, kwa hiyo breki naitaka kwenye kilo tatu na nusu hadi nne na nusu. Nafunga mshipi kwenye mizani ya mkono, ile ya kupimia mizigo ya safari, mwanangu anaishika chini, mie nainua fimbo mpaka kibiringo kianze kuzunguka. "Tatu na nusu, baba!" Basi, hapo hapo naacha. Kazi ya dakika mbili uani, na yeye anaipenda kuliko hata kwenda pwani.

Alfajiri moja, maji yanatoka, tulikuwa nje ya eneo la Misali lililozuiliwa kuvuliwa. Tanga tumelishusha, ami yuko usukani, mie narusha kipande cha chuma kinachong'aa na kukivuta kwa haraka. Kolekole akakidaka. Rili ikalia, mshipi ukatoka kwa kasi ambayo kwa mkono ningeachia tu. Ami, kwa mazoea ya miaka yake yote, akanyoosha mkono aushike mshipi anisaidie. Nikapiga kelele, "Ami, usiushike, unakata!" Akaurudisha mkono. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na hauvutiki ila kidogo mno, samaki akikimbia nao unapita kwenye nyama ya mkono kama wembe. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa kila aliyekulia kwenye mshipi wa mkono: USIUSHIKE kwa mkono mtupu samaki akiwa anavuta. Ukilazimika, vaa glavu.

Yule kolekole akageuka akaja chini yetu, kuelekea kwenye ndubi, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke. Ikabidi nizamishe ncha ya fimbo majini nizungushe mshipi usikwaruze mti. Ami hakunyamaza: "Mpe! Mpe! Usimkaze." Samaki akilegea, "Haya, sasa vuta." Maneno yale yale aliyonifundishia nilipokuwa mtoto, na yalifaa vile vile. Tulipompandisha chomboni, kilo saba na ushei, ami hakumtazama samaki. Aliichukua rili, akauvuta mshipi kidogo kidogo kwa vidole akisikiliza breki, akakaza, akalegeza, akavuta tena. "Hii inafanya kazi ya kidole," akasema. Baadaye nilipomtajia bei alihesabu mbuzi wawili, lakini safari iliyofuata ndiye aliyeniuliza kama nimeichukua.

Mshipi wenyewe ni wa nyuzi nane zilizosukwa, daraja la unene wanaloliita PE 2, unene wake robo ya milimita haufiki. Nailoni ya nguvu hiyo hiyo ni zaidi ya nusu milimita. Kwa wembamba huo unarusha mbali zaidi, mkondo wa maji hauuburuzi sana, na kwa kuwa hauvutiki unasikia kila kitu mkononi: chuma kugonga jiwe, jani kukwama, samaki mdogo kudonoa. Kibiringo cha Spinfisher kina ukanda wa mpira chini yake, kwa hiyo mshipi huu unaufunga moja kwa moja bila kutanguliza nailoni ili usiteleze. Ubaya wake ni miamba. Mshipi wa kusuka ukigusa tumbawe umekatika. Lazima mwishoni uunganishe mita moja au mbili za mshipi mnene wa florokaboni, aina ya plastiki ngumu, na fundo la kuunganisha ujifunze vizuri nyumbani, kwa sababu ndani ya chombo kinachoyumba halifungiki.

Fimbo sitaitaja kwa jina. Ni ya kaboni, vipande viwili, mita 2.4, ya kurushia uzito wa gramu 15 hadi 40. Ukisimama gatini au juu ya jiwe ni nzuri, inarusha mbali. Ndani ya ngalawa ni taabu. Mlingoti hapa, foromali ya kutundikia tanga pale, ndubi huku na huku, kila ukitaka kurusha unatafuta upenyo. Na pete moja ya kupitishia mshipi imeshaanza kutu kwenye mguu wake, jambo lisilopendeza kwa fimbo mpya. Ukinunua, kagua pete kuliko rangi: pitisha ncha ya soksi ya nailoni ndani ya kila pete, ikikwama ujue pana mchaniko, na mchaniko huo utaumaliza mshipi wako. Jambo jengine, kaboni inapitisha umeme. Masika, ukisikia radi, ilaze fimbo chini uondoke majini, wala usitembee nayo imesimama chini ya nyaya za umeme.

Nimekuja sasa kwenye kile kilichonipa furaha kuliko vyote, nacho ndicho cha bei ndogo kuliko vyote: kamba wa bandia wa kuvulia ngisi. Asili yake Ujapani. Ni mfano wa kamba wa kweli, mwili mgumu uliovishwa kitambaa, na nyuma yake mashada mawili ya miba iliyopinda kwenda juu. Ninao wa Yamashita, namba 2.5, 3 na 3.5. Namba 3.5 ana uzito wa kama gramu 20 na anazama taratibu, mita moja kwa sekunde tatu hivi. Mzamo huo wa pole pole ndio siri yenyewe. Unarusha, unahesabu mpaka akaribie chini pale penye majani ya baharini, unaipiga fimbo juu mara mbili kwa nguvu, kisha unamwacha azame huku mshipi umenyooka. Ngisi haji wakati kamba anaruka. Anakuja wakati anaanguka. Mkononi unahisi uzito tu, kama jani la mnazi limenasa.

Hapo legeza breki, isizidi kilo moja. Ngisi mikono yake inachanika, na miba ile haina kishikizo cha kuzuia, kwa hiyo usivute kwa pupa wala usiache mshipi ulegee. Mara ya kwanza nilipomleta mmoja juu Wesha usiku, chini ya taa, nilimwacha kidogo usoni mwa maji nimtazame. Alikuwa amemkumbatia kamba kwa mikono yote, na madoa ya rangi yanapita mwilini mwake, kahawia, meupe, kahawia, upesi kuliko ninavyoweza kusema. Kisha akatoa wino, ukanirukia shati. Sina chuki na wino huo, shati lile sasa ndilo la kuvulia.

Juu ya rangi za kamba hawa watu wanabishana sana. Wataalamu wa viumbe wanasema ngisi walio wengi hawaoni rangi kama tuonavyo sisi, wanatofautisha mwangaza na giza. Mie naona hivyo hivyo. Usiku wa mbalamwezi namtumia mweusi au mwekundu uliokolea, kivuli chake kinaonekana dhidi ya anga. Maji yakiwa na tope kidogo, yule anayeng'aa gizani. Usinunue rangi kumi. Nunua tatu, na badala yake ongeza namba ndogo, kwa sababu ngisi wa gatini kwetu wengi si wakubwa na namba 3 wanamshika vizuri kuliko 3.5.

Jikoni, ngisi wa nazi wa mama watoto. Anamkata pete, anamtia kwenye tui likishachemka na kumtoa upesi, kabla hajawa mpira. Sharti lake la kitu cha maana nadhani lilitimia siku ile, maana aliuliza bamvua lijalo linaangukia lini.

Utunzaji ni mfupi. Ukirudi, kaza breki, mwagia rili maji baridi ya kawaida kwa kikombe, usiipige na mpira wa maji wa nguvu, ifute, ikaushe kivulini. Kisha legeza breki, usiihifadhi ikiwa imekazwa. Tone la mafuta kwenye kile kigurudumu kinachopitisha mshipi, mara moja moja. Kamba wa bandia nao waoshe, miba yao inashika kutu mapema kuliko kitu chochote katika boksi.

Kwa anayevua kuuza, sishauri laki nne ziende huku. Kwa bei hiyo atapata mishipi ya mkono ya kutosha na nyavu, na atarudi na samaki wengi zaidi. Kwa mfanyakazi mwenzangu mwenye Jumamosi na Jumapili zake, aliyezoea kuona kila senti inaingia kwenye ada na ujenzi, nasema nunua rili nzuri moja na uitunze. Binamu nimeshampa oda ya safari yake ijayo: kamba namba 3, weusi wawili na mmoja wa kung'aa, na fimbo fupi, mita 1.8, kwa ajili ya ngalawa. Ami ameongeza ya kwake, florokaboni, kibiringo kizima.