Ndafu ya harusi Moshi: kuchoma hadi kufikisha ukumbini

Nyota nne kati ya tano. Mbuzi wa wachomaji hawa ni ndafu kweli, dume aliyehasiwa akanoneshwa. Hilo liulizeni kabla ya kulipa advansi, maana beberu asiyehasiwa ana harufu ambayo ndimu na tangawizi haziiondoi. Makaa wanayatandaza pembeni, si chini ya tumbo, na wanamgeuza polepole kwa saa 4 hadi 5; mbavu zinatoka kahawia, mafuta yakichuruzika bado. Nyota moja imepotea kwenye paja: karibu na mfupa nyama ilibaki nyekundu kwa sababu hawakuichanja vya kutosha. Sisitizeni wachanje hadi mfupani kabla ya kupaka chumvi. Mapambo mazuri sana, majani mabichi mdomoni yakiwemo.