Miezi 4 ya kujipiga picha za meno mwenyewe, picha ya kushoto ilinitoa jasho

Naandika hii kwa sababu kabla sijaanza nilitafuta mtu aliyetumia anieleze ukweli, nikakuta matangazo matupu. Mimi navaa alaina, zile trei za plastiki zisizoonekana za kunyoosha meno, na daktari ananifuatilia kwa picha ninazojipiga nyumbani kila baada ya siku 10, yani siku ya kubadilisha trei. Kliniki naenda mara moja moja tu.

Picha ni 5 bila trei (mbele umeng'ata, kulia, kushoto, juu, chini) halafu 3 za kung'ata ukiwa umevaa trei. Ukisikia unaona chache. Siku ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima! Wanakupa kidude cha plastiki cha kuvuta midomo na mashavu, ukishakivaa unafanana na farasi anayecheka, mate yanaanza kushuka yenyewe maana kumeza huwezi, mkono mmoja umeshika simu mwingine unavuta kidude, na hapo hapo apu inakwambia picha haionekani vizuri rudia tena. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kosa langu lilikuwa kutumia kamera ya selfi na kuisogeza karibu kabisa na mdomo, nikidhani ndo meno yataonekana vizuri. Kumbe simu ikiwa karibu hivo meno ya mbele yanatoka makubwa kama majembe na magego yanapotelea huko nyuma, tena simu nyingine inageuza kushoto kuwa kulia kama kioo. Msaidizi wa daktari akaniandikia nitumie kamera ya nyuma, simu ikae mbali kidogo halafu nizumu mara 2, niwashe flashi. Na nifute lenzi jamani, ilikuwa na mafuta ya vidole. Hapo ikabidi nimpe mtoto kazi ya kushika simu.

Sasa za pembeni. Ukivuta kidude pande zote mbili kwa nguvu hupati kitu, unatakiwa ulegeze upande mmoja ndo uvute ule unaopigwa kuelekea sikioni mpaka gego la kwanza litokee. Pia mdomo ukivutwa taya linapenda kuteleza mbele, unang'ata uongo bila kujua. Dawa yake kunja ncha ya ulimi iguse kaakaa kule nyuma, ndo ufunge magego. Picha zangu za mwanzo za kushoto zote zilikataliwa kwa hilo, mimi nalaumu simu.

Kilichonifanya niamini huu utaratibu ni trei ya 7. Nilituma picha kama kawaida, nikajibiwa usibadilishe, kuna uwazi kati ya trei na ncha ya chonge ya juu kulia. Nikazumu picha yangu mwenyewe nikauona, kamstari keusi kembamba, mbele ya kioo sikuwahi kukaona. Nikaulizwa unavaa masaa mangapi kwa siku. Inatakiwa 20 mpaka 22, mimi zile siku nilikuwa navaa labda 16, natoa nikila nasahau kurudisha. Nikaona aibu, picha imenisemea. Nikakaa na trei ile ile wiki 1 zaidi, nang'ata kale kampira laini ka kukandamizia trei kwenye meno ili ishike, ikakaa.

Lawama ninazo pia. Majibu yanachelewa, kuna wakati nilikaa siku 2 na trei mpya mkononi sijui nivae au nisivae. Na picha haioni kila kitu, mzizi na mfupa vinahitaji eksirei, fizi yangu nyuma ya gego la mwisho ilikuwa inatoa damu nikipiga mswaki na kwenye picha hakuna kitu, mpaka nilipoandika mwenyewe ndo nikaitwa kliniki, wakakuta uchafu uliogandana wakausafisha. Kwahiyo ukisikia maumivu au damu andika, usisubiri picha iseme.

Kama unaishi peke yako tafuta stendi ya simu kabla hujaanza, mikono 2 haitoshi. Trei ya 12 navaa kesho usiku, kidude nimeshakiosha, shida ni mpiga picha wangu ameanza kudai malipo.