Anemoni wa malengelenge kwa samaki klauni: anafaa, ila si kwa tangi changa

Ukimwambia muuzaji unataka anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri inayochoma) wa kukaliwa na samaki klauni, mara nyingi atakuonyesha Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama malengelenge. Kwa tangi la nyumbani ndiye mvumilivu kuliko wenzake. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekatwa kwa sababu huuzwa pamoja na klauni wa aina ya ocellaris kana kwamba ni chanda na pete. Baharini ocellaris hukaa kwa anemoni wengine, yaani Heteractis magnifica, Stichodactyla gigantea na Stichodactyla mertensii, huyu wa malengelenge hayumo. Ukiwaweka pamoja, wanaweza kuzoeana siku hiyohiyo, au baada ya miezi, au samaki akamsusa kabisa na kuhamia kona ya pampu. Asiyetaka kubahatisha achukue klauni mwingine, Amphiprion clarkii, asiyechagua anemoni. Amphiprion allardi wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki naye humkalia Entacmaea huko huko baharini.

Dukani usihadaike na rangi. Angalia mdomo: uwe umefumba. Ukiwa wazi na vya ndani vinachungulia nje, mwache hata kwa nusu bei. Kisha angalia wayo, pale anaposhikia jiwe. Ukichanika wakati wa kubanduliwa, kidonda huoza na mnyama hufa, hivyo mwombe muuzaji akupe na jiwe lake. Mweupe pe si pambo: amepoteza mwani mdogo uishio mwilini mwake na kumlisha kwa mwanga. Aliyezaliwa kwa kugawanyika tangini ni bora kuliko aliyetolewa baharini. Malengelenge yenyewe yasikusumbue, huja na kupotea hata kwa mzima.

Tangi liwe limetimiza angalau miezi sita, lita 100 na kuendelea, joto nyuzi 25 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu 1.025 hadi 1.026, amonia sifuri, nitrati chini ya miligramu 10 kwa lita. Taa iwe ya matumbawe, si ile ya kupambia samaki wa maji baridi.

Kinachoua wengi ni pampu. Anemoni mgeni hutembea usiku akitafuta ufa wa kufichia wayo huku minyiri ikipata mwanga, na akifika kwenye mdomo wa pampu husagwa, maji yanachafuka, samaki nao wanafuata. Funika midomo yote kwa sponji yenye matundu makubwa, uisuuze kila siku mbili tatu, la sivyo pampu itakabwa. Pampu ya mawimbi izime usiku wa kwanza. Na usimbandue kila anapohama. Akipata pake atatulia.

Sasa raha yenyewe. Klauni hajitupi ndani mara moja. Hugusisha mkia au tumbo, hushtuka, hurudi tena, hadi ute wa ngozi yake uzoeane na minyiri. Baadaye utamwona akigaagaa humo, akipepea maji, hata akibeba kipande cha nyama ya kamba wa baharini na kukishindilia katikati. Mkubwa wa jozi ni jike. Dume hutetemeka ubavu mbele yake kuonyesha unyenyekevu, na jike akifa, dume hugeuka jike. Ila samaki mkubwa kwa anemoni mdogo ni balaa: humsukumasukuma hadi ajikunje na kukosa mwanga. Anemoni akichanua awe na upana mara tatu ya urefu wa samaki.

Mlishe anemoni mara moja kwa wiki kipande cha kamba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kikubwa zaidi hutapikwa kesho yake. Akinywea kwa saa kadhaa na kutoa uchafu wa kahawia, ni kawaida. Akibaki hivyo siku mbili, mdomo wazi, ananuka, mtoe papo hapo. Dawa ya shaba usiitie humo kamwe. Samaki mgonjwa atibiwe kwenye tangi lingine.

Ukiona jozi inasugua jiwe karibu na wayo wa anemoni, mayai ya rangi ya chungwa yako njiani, na huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Siku hizo jike huuma mkono, kwa hiyo kioo kisafishwe kwa sumaku.