Kompyuta ya kuhariri video nyumbani Dodoma: ipi uanze nayo

Kila anayeniuliza mashine ya kuhariri video za harusi huanza na swali lile lile kuhusu prosesa, bongo la kompyuta: "Nichukue i7 ya Intel?" Swali hilo ndilo lililonitia hasara. Mashine yangu ya kwanza niliinunua duka moja hapa mjini kwa kuamini kibandiko cha i7. Nyumbani nikasoma jina kamili: i7-4790. Hiyo 4 baada ya kistari ni kizazi, yaani prosesa ya mwaka 2014, isiyo na sehemu ya kufungua (kusoma na kuonyesha) video ya H.265, mfumo ambao simu na kamera nyingi za leo hurekodia. Klipu za sendofu za 4K zilikwamakwama, bibi harusi anainua glasi kwa vipande vipande. Kumbe i5-12400, "ndogo" kwa jina, ni kizazi cha 12 na inazicheza vizuri.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya kuunda mwenyewe kwa i5-12400. Angalia isiwe 12400F. Herufi F maana yake haina grafiki ya ndani, ile sehemu ya picha iliyomo kwenye prosesa yenyewe, na humo ndimo Intel wameweka injini ya kufungua video. Ukipiga kwa 4:2:2 ya biti 10, mpangilio wa kamera unaohifadhi rangi kwa undani zaidi, hilo ni kubwa: kadi za picha za NVIDIA za kabla ya toleo la RTX 50 haziifungui H.265 ya aina hiyo, ila grafiki ya ndani ya kizazi cha 12 inaiweza. Kadi ya picha inaweza kusubiri. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, anza na GB 16 kwenye mazabodi yenye nafasi ya kufika 32.

Pesa iliyobaki iende kwenye SSD, diski ya kasi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa tano ukumbini, tayari ni GB 450 za shughuli moja. Mimi hufanyia kazi kwenye SSD, na kazi iliyokwisha naihamishia hadidiski ya kawaida.

Nafasi ya pili: MacBook Air, laptopu ya Apple, yenye prosesa ya M1, hata iliyotumika, ikiwa na GB 16. Inafungua hiyo 4:2:2 bila shida, ina betri umeme ukikatika, na haina feni ya kuvuta vumbi, ingawa kazi ndefu huipunguza kasi kwa joto. RAM na hifadhi haziongezeki, kwa hiyo unachonunua leo ndicho utakachobaki nacho.

Ya tatu, mtumba wa ofisini, hizi Dell na HP. Bei yake inavutia, ila usishuke chini ya kizazi cha 8: Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za Intel za chini ya hapo, isipokuwa chache sana. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, na powa saplai yake mara nyingi haibadilishiki kwa ya kawaida.

Laptopu ya gemu naiweka mwisho. Ina nguvu kweli, lakini feni zake ndogo zinavuta vumbi la Dodoma kutwa nzima, na kuifungua kuisafisha ni kazi ya fundi. Ya mezani unafungua ubavu, unashika feni isizunguke, unapuliza kwa blowa. Kiangazi mimi hupuliza kila mwezi, nyumba yetu ya Nkuhungu iko kando ya barabara ya vumbi.

UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Dakika chache zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima. Vifaa usivyovipata mjini vifuate Kariakoo, Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ila washa kila kitu dukani kabla ya kulipa, na usome jina la prosesa kwenye skrini, si kwenye kibandiko.