Presha kuka ya umeme ya lita 6: maharage bila masizi, ugali bado

Presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1,000, husifiwa kwa kuokoa mkaa. Sifa hiyo ni ya haki, ila faida yake kubwa iko kifuani. Makande ya saa mbili kwenye jiko la mkaa ni saa mbili za kuvuta moshi, na masizi yakishazama mapafuni hayatoki yote.

Mapafu yana seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo humeza vijidudu na uchafu. Bakteria akimezwa humeng'enywa. Kaboni ya moshi haimeng'enyeki, inabaki ndani ya seli. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa matokeo ya kuchunguza tezi za limfu (vituo vya seli za kinga mwilini) za marehemu 84 waliotoa viungo, wa miaka 11 hadi 93. Kadiri umri ulivyosonga, tezi za mapafu zilizidi kuwa nyeusi. Tezi za utumbo hazikuwa hivyo. Makrofaji zilizobeba chembe hizo zilimeza kidogo na kutoa kwa uchache kemikali za kuziita seli nyingine. Yaani sehemu ya uchovu wa kinga uzeeni ni mzigo uliolimbikizwa, na kinachowezekana ni kutouongeza.

Kwa maharage, chombo hiki hakina mpinzani. Nusu kilo isiyolowekwa, maji lita moja na nusu, dakika 40 hadi 45 za presha. Yakilowekwa usiku kucha, 20 zinatosha. Umeme ni takriban nusu uniti. Walio kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu: ukipika hivyo kila siku, ni uniti kama 15. Nyanda za juu kama Mbeya, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, tofauti ya muda na sufuria ya kawaida ni kubwa zaidi.

Usijaze maharage kupita nusu ya chungu. Povu lake huziba vali, na ukiachia mvuke ghafla litaruka nao. Subiri dakika 15 presha ishuke yenyewe. Ukikaanga kitunguu humohumo, kwangua chini kwa maji kidogo kabla ya kufunga, maana kilichoganda hupasha joto kupita kiasi na mashine hujizima. Mvuke ukivuja pembeni, mara nyingi ni mpira wa mfuniko: haukukaa sawa, una punje ya chakula, au umelegea. Chomeka kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba ya taa. Umeme ukikatika katikati, usifungue. Joto lililomo huendelea kuivisha, ingawa mashine nyingi husahau muda uliobaki.

Sasa kasoro halisi. Haisongi ugali, haichomi chapati. Nyumba nyingi huinunua kisha jiko la mkaa linawashwa jioni kama kawaida, na hapo seli zako hazijapata nafuu kubwa. Bila jiko la gesi pembeni, hii ni nusu ya suluhisho. Na hata gesi si mwisho: katika utafiti mkubwa wa Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito waliopewa gesi walivuta PM2.5, yaani chembe ndogo sana za moshi na vumbi, ya takriban mikrogramu 24 kwa mita ya ujazo, dhidi ya 71 kwa waliobaki na kuni na nishati kama hizo. Punguzo kubwa, lakini mwongozo wa WHO wa 2021 ni 5 kwa wastani wa mwaka, na uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Moshi wa taka za jirani nao unaingia dirishani.

Inafaa kununuliwa na nyumba inayopika maharage, makande au nyama ngumu angalau mara tatu kwa wiki. Anayekula wali na mboga za majani aanze na gesi. Kabla ya kulipa, uliza kama mpira wa akiba wa modeli hiyo upo dukani. Kama haupo, chagua nyingine.