Kliniki ya ngozi Kigoma mjini: uzoefu wangu na aleji ya vidole

Kwa anayejiuliza kama kuna haja ya kumlipa daktari wa ngozi wakati duka la dawa liko nje ya geti: mimi nimelipa, kwenye kliniki binafsi hapa mjini, na sijutii hela yangu.

Nina saluni Mwanga, na wikiendi zikikaribia nachora maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, wengi wao wa Ujiji. Vidole vilianza kuwasha, vikawa vinavimba, vinatoa malengelenge madogo, kisha ngozi inapasuka. Kila mtu alikuwa na lake: sabuni ya unga, maji ya bomba, migebuka. Shangazi alitaka nikapimwe kwa ile mashine ya kushika mkononi inayotaja magonjwa ya mwili mzima. Yeye ilimwambia ana aleji ya maziwa na vumbi, na chai ya maziwa anaendelea kunywa mpaka leo bila shida.

Nilipopiga simu kuomba nafasi niliambiwa nije na kila kitu kinachogusa mikono yangu. Nikajaza mfuko: shampuu, dawa ya nywele, mafuta, glovu, pakiti ya piko. Daktari alivipanga mezani akawa anasoma lebo moja baada ya nyingine. Halafu maswali. Ilianzia wapi? Ukikaa wiki bila kazi inapungua? Siku mbili kabla ya kuwasha ulishika nini? Hilo la siku mbili nililiona la ajabu, lakini alinieleza kwamba aleji ya kugusa haiji papo hapo, mara nyingi huchukua siku 1 hadi 3. Ndiyo maana tunasingizia sabuni ya leo wakati kilichotuumiza ni cha juzi. Na kitu unaweza kukitumia miaka mingi bila neno, mwili ukaja kukikataa baadaye.

Kisha akanishika mkono wa kulia. "Dada, hebu angalia hapa." Vidole vilivyoharibika ni vitatu tu, vile vinavyobana koni ya piko. Kidole cha mwisho kizima kabisa. Ingekuwa sabuni, akasema, isingechagua vidole.

Anayeshukiwa ni piko: ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD, ya kutia nywele rangi nyeusi. Hina ya majani peke yake hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Weusi wa haraka una kitu kingine ndani. Umoja wa Ulaya wanaruhusu PPD kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na kuchorea ngozi hairuhusiwi. Sisi tunamchora bibi harusi mpaka kwenye mapaja.

Mchanganyiko niliokuwa napaka kutoka duka la dawa, wenye dawa ya fangasi, steroidi na antibiotiki kwa pamoja, aliusimamisha. Alisema unatuliza juu juu, na neomaisini, ile antibiotiki iliyomo, yenyewe inajulikana kwa kuleta aleji. Nikapewa krimu ya steroidi ya muda mfupi na mafuta ya mgando yasiyo na manukato.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu na miadi ni jina tu. Kipimo chenyewe cha aleji ya kugusa, cha viraka, hawana, kile cha kubandikwa mgongoni, kutolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku zinazofuata. Kwa hicho ungeandikiwa rufaa nje ya mkoa, na kutoka Kigoma unajua maana yake: safari ndefu. Kipimo cha damu alikikataa mwenyewe, kwa kuwa hakionyeshi aleji ya aina hii. Hapo nilimheshimu, maana angeweza kunitoza.

Piko nimeacha. Vidole vimerudi, kasoro alama kidogo kwenye gumba. Nachora hina ya majani tu, na rangi ya nywele anapaka msaidizi wangu kwa glovu za nitraili, akimaliza mteja anazitupa. Wateja wawili watatu wa piko wamehamia kwa jirani, ndiyo biashara.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Bima hawapokei, ni taslimu au simu. Ukienda, bidhaa zako zibebe kwenye pakiti zake, usihamishie kwenye vichupa, maana bila lebo hana cha kusoma.