Kengele ya moshi ipi ununue kwa nyumba ya Dar, na uifunge wapi

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zimejengwa kumzuia mwizi. Madirisha yana nondo, mlango wa mbele una geti la chuma, na usiku kila kitu kinapigwa kufuli. Moto ukizuka saa nane usiku, hakuna wa kuruka dirishani. Lazima mtu aamke, akumbuke funguo ziliwekwa wapi, afungue kitasa, kisha kufuli la geti, huku watoto wakimshika nguo. Kengele ya moshi tunainunua kwa ajili ya dakika hizo. Ndiyo maana nimezipanga hizi kwa kuangalia jambo moja: ipi itawaamsha watu mapema, na itakuwa bado inafanya kazi miaka kadhaa mbele hata kama hakuna aliyeikumbuka.

1. Ya mwanga, yenye betri ya lithiamu isiyotolewa

Hii ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu, awe mpangaji Sinza au mwenye nyumba Kigamboni. Ndani yake kuna chumba kidogo cheusi chenye mwali wa mwanga. Moshi ukiingia, mwanga hutawanyika na kugonga kihisio, na kengele inalia. Aina hii ni hodari kwa moto unaofukuta kabla ya kulipuka: godoro la sponji, kochi, waya uliozidiwa ndani ya ekstensheni, pasi iliyoachwa kwenye soketi umeme ulipokatika na kurudi wakati watu wamelala. Mtu aliyelala haamshwi na harufu ya moshi, anaamshwa na kelele.

Betri yake imefungiwa humo humo na imetengenezwa kudumu miaka 10, sawa na umri wa kengele yenyewe. Hakuna atakayeichomoa aitie kwenye kitu kingine. Bei yake iko juu kuliko ya betri ya kubadilisha, lakini jumlisha betri za miaka kumi uone kama kweli umeokoa kitu.

2. Ya mwanga, zinazounganishwa kwa redio

Moja ikilia, zote zinalia, na hakuna waya wa kupitisha ukutani. Kwa ghorofa, au nyumba yenye banda la uani anakolala dada wa kazi au ndugu, hii inaishinda ya kwanza. Imeshika nafasi ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu lazima zote ziwe za kampuni na muundo mmoja ili zisikilizane. Chumba na sebule haviihitaji.

3. Ya mwanga, yenye betri ya kubadilisha

Kifaa ni kizuri kama cha kwanza, tatizo liko kwenye betri. Zile za pembe nne za volti 9 zinazouzwa kila duka mara nyingi zimeandikwa 6F22. Hizo ni za zinki na kaboni, zinaisha haraka. Tafuta iliyoandikwa 6LR61, ambayo ni alkalini, na uibadilishe kila mwaka. Ikianza kutoa mlio mfupi mmoja kila baada ya dakika moja hivi, inaomba betri. Watu wengi hukerwa na mlio huo usiku, wakaitoa betri, na kengele ikabaki pambo la dari. Walio karibu na bahari, Msasani au Mbezi Beach, wakague pia vichwa vya betri, maana hewa ya chumvi hula chuma.

4. Ya umeme wa nyumbani yenye betri ya akiba

Kama ndiyo kwanza unajenga na fundi umeme bado hajafunga dari, ifikirie. Nyumba ikishapigwa rangi, gharama ya kubomoa haifai. Isiyo na betri ya akiba usiichukue kabisa, maana umeme ukikatika ndipo mishumaa inapowashwa. Na kama imetoka kwa ndugu aliye Marekani, soma volti kwanza: ya kule ni ya volti 120, umeme wetu ni 230. Fundi akiiunganisha hivyo hivyo, imeungua.

5. Ya kuunganisha na simu

Inakutumia ujumbe ukiwa kazini Posta, na hilo ni jema. Lakini umeme ukikatika modemu inazima na ujumbe hauji. Hakikisha ina king'ora chake.

6. Ya ayoni

Hii huhisi moshi kwa kutumia chembe ndogo yenye mionzi, na utaitambua kwa alama ya mionzi au maandishi Am-241 (jina la chembe hiyo) nyuma yake. Mionzi hiyo ni kidogo sana na haimdhuru mtu kifaa kikiwa kizima. Naiweka mwisho kwa sababu nyingine: inawahi moto wa miali lakini inachelewa kwa moto unaofukuta, na hulia ovyo kwa moshi wa kukaanga. Kengele inayolia kila ukikaanga samaki haitamaliza mwezi ukutani.

Usichukue hii

Kuna vifaa vyeupe, vizuri, vya bei nafuu, ambavyo ni vipande vya mfumo wa hoteli au ofisi. Vinategemea paneli ya volti 24, yaani sanduku la ukutani linaloendesha mfumo mzima, na vyenyewe havina king'ora. Ukifunga nyumbani, havitalia hata nyumba ijae moshi. Kigeuze: ukiona skrubu za kuungia waya na hakuna mahali pa betri wala kitufe cha majaribio, kirudishe. Ukifika dukani Kariakoo sema hivi: "Kaka, naomba ya nyumbani, inayolia yenyewe, siyo ya paneli." Kisha ibonyeze hapo hapo. Nzuri hutoa sauti ya desibeli 85 ukiwa mita 3, yaani muuzaji wa duka la pili atageuka. Angalia pia maandishi EN 14604 au UL 217, ambavyo ni viwango vya kengele za moshi vya Ulaya na Marekani, na tarehe ya kutengenezwa. Miaka 10 huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo, kwa hiyo iliyokaa stoo miaka minne imebakiza sita.

Wapi pa kufunga

Ukiwa na moja tu, iweke karibu na vyumba vya kulala, mlango wa chumba uweze kupitisha sauti. Ukiweza zaidi, moja kila chumba cha kulala na moja korido, na kila ghorofa iwe na yake. Iwe darini, sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani na kwenye taa. Ikilazimu ukutani, iwe sentimita 10 hadi 30 chini ya dari.

Kwetu kikwazo kikubwa ni pangaboi. Upepo wake husukuma moshi mbali, kwa hiyo acha sentimita 90 kutoka ncha ya panga. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye pangaboi la inchi 56 katikati. Ukipima kuelekea ukuta, nafasi haitoshi. Pima kuelekea kona: takriban sentimita 161 kutoka katikati (71 za panga lenyewe na 90 za nafasi) utajikuta umeacha sentimita 36 kila ukuta, na hapo ndipo pake. Kiyoyozi nacho kisiipulizie.

Nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji wanaopika koridoni ni kesi ngumu. Hapo weka ndani ya vyumba. Kama hakuna dari, usiibandike chini ya bati, joto la mchana litaiua. Ifunge kwenye ukuta wa juu au boriti.

Jikoni usiweke ya moshi. Iwe mita 3 mbali na jiko, na jikoni kwenyewe ifungwe ya joto, inayolia hewa ikifika nyuzi 57 hivi. Kumbuka kwamba kengele ya moshi hainusi gesi ya mtungi wala hewa ya sumu ya mkaa. Kila moja ina kifaa chake, na cha gesi ya mtungi hufungwa chini karibu na sakafu kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa.

Matunzo

Bonyeza kitufe kila mwezi, watoto wakiwepo, wazoee sauti na waone funguo za geti zinaning'inia wapi. Toa vumbi na utando wa buibui kwa brashi laini. Usiipake rangi. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma viwe mbali nayo. Siku ya kupuliza dawa ya mende ifunike kwa mfuko, na ufunue kabla ya kulala, kwa sababu dawa ikiingia ndani huharibu kihisio. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, iandikwe kwa herufi kubwa karibu na funguo hizo, na ipigwe mkiwa nje tayari.